Je, Urugerero ni Jeshi?

Kila mwaka mitihani ya kidato cha sita inapokaribia kwisha, uvumi huanza kuzunguka hapa Masaka. Mmoja husema vijana wote watatiwa jeshini. Mwingine husema watafundishwa kushika bunduki, wapende wasipende. Wa tatu huapa kwamba amesikia kwa shangazi yake ya kuwa watapelekwa Gako. Basi wazazi huingiwa na hofu, na wavulana wengine hutembea kifua mbele kana kwamba wamekwisha kuvaa magwanda. Mhariri wa gazeti letu ameniomba mimi, niliyekuwa mwanafunzi wa shule hii na ambaye sasa ni mwalimu nikaaye Masaka, nilieleze jambo hili kwa wadogo zangu walio darasani, na kwa wenzangu tuliokwisha kutoka ambao sasa wana watoto wa kuitwa.

Tuanze na majina, kwa maana majina yakichanganyika, mambo nayo huchanganyika. Masaka ninayoitaja si mji wa Masaka ulioko Uganda, ambao wengi wenu mwaujua kwa sababu ya barabara ya kwenda Kampala. Ni tarafa ya Masaka, wilaya ya Kicukiro, katika jiji la Kigali. Na Gako nazo ni mbili. Moja ni seli ya Gako iliyomo ndani ya tarafa yetu hii, ambako watu hulima, hujenga na kufanya biashara kama mahali pengine. Nyingine iko Bugesera, ndiko kwenye chuo cha kijeshi wanakofundishwa maofisa. Mtu akisikia kijana ameitwa Gako, na aulize kwanza ni Gako ipi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Jeshi la lazima ni desturi ambayo kwayo serikali, kwa nguvu ya sheria, humwita kila kijana wa umri fulani aje afundishwe vita na kutumikia kwa muda uliowekwa, na asiyekuja huadhibiwa. Jeshi la hiari ni lile ambalo mtu hujiandikisha mwenyewe, akapimwa, akakubaliwa au akakataliwa. Jeshi la Ulinzi la Rwanda, lililopewa jina hilo mwaka 2002, ni jeshi la hiari. Anayetaka kuingia huomba, naye awe ametimiza miaka 18. Basi yule anayesema kwamba kila mhitimu wa sekondari hutiwa jeshini hasemi kweli.

Lakini yule anayesema hakuna lazima yo yote, naye hasemi kweli yote. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilisema ya kwamba raia wote wana wajibu wa kushiriki katika kulilinda taifa, na ya kwamba sheria itapanga utumishi wa taifa, uwe wa kiraia au wa kijeshi. Angalieni sana lile neno "au". Kati ya njia hizo mbili, kwa vijana wanaomaliza shule nchi ilishika njia ya kiraia, na njia hiyo ndiyo iitwayo Urugerero.

Neno hili si geni. Zamani za wafalme, Urugerero lilikuwa jina la kazi ya askari waliokaa mpakani wakilinda nchi isivamiwe. Na kabla ya kufika huko, kijana alipitia Itorero, yaani mahali pa kulelewa. Mwana alipelekwa kwenye boma la chifu au la mfalme, akakaa na vijana wa rika lake, akafundishwa kutupa mkuki na kupiga upinde, lakini pia kusema vizuri mbele ya watu, kutunga mashairi ya kujisifu, kucheza ngoma, kuvumilia njaa, na kuficha siri. Aliyekwisha kulelewa hivyo aliitwa intore, maana yake mteule. Vikosi vilikuwa na majina yao, na kila ukoo ulijua ulikuwa chini ya kikosi gani. Padri Alexis Kagame, mwanahistoria mkubwa wa Rwanda, alikusanya habari za vikosi hivyo katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1963. Leo watu wengi hulijua jina la intore kwa sababu ya ngoma tu, na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliitia ngoma hiyo katika orodha yake ya urithi wa wanadamu. Lakini ngoma ilikuwa sehemu moja tu ya malezi yale.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji malezi hayo yalififia yakaachwa. Ila lazima haikukoma, ilibadili sura tu. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku kwetu, Wabelgiji waliingia Rwanda mwaka 1916 na kuwafukuza Wajerumani, kisha wakaendelea hadi Tabora. Mizigo ya jeshi lile haikubebwa na magari, ilibebwa na vichwa vya watu, na Wanyarwanda wengi walikamatwa wakafanywa wapagazi. Upande wa Waingereza mambo yalikuwa yale yale. Ukienda Dar es Salaam ukasikia Kariakoo, au Nairobi ukasikia Kariokor, ujue majina hayo yametokana na kikosi cha wapagazi wa vita ile. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Walilazimishwa kutumikia vita ambavyo havikuwa vyao, wala hakuna aliyewaeleza sababu. Tukisema babu zetu waliichukia lazima, tukumbuke ni lazima ya namna gani waliyoiona.

Na kuna jambo jingine ambalo Mnyarwanda hawezi kulipita akizungumza habari za kuwafundisha vijana. Kabla ya mwaka 1994 chama kilichokuwa kikitawala kilikuwa na tawi la vijana lililoitwa Interahamwe. Vijana wale nao walikusanywa, wakaimbishwa, wakapewa mafunzo na utii. Tena walitii. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 walikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa, wakawaua jirani zao, watoto kwa wazee. Kwa hiyo hapa kwetu mtu hawezi kusema kwamba kuwakusanya vijana na kuwatia nidhamu ni jambo jema, kisha akanyamaza. Nidhamu ni kama panga: hulima shamba, na hukata shingo. Swali ni nani anafundisha, anafundisha nini, na kijana ameachiwa nafasi gani ya kusema "hili silifanyi".

Mwaka 2007 serikali ilirudisha Itorero, safari hii liwe la kuwafundisha watu umoja, uzalendo na kazi. Mwaka 2013 ikatokea sheria ya kuunda tume ya taifa ya Itorero, na katika mwaka huo huo ndipo Urugerero ulipoanza kwa vijana waliomaliza sekondari. Mwaka 2021 kazi za tume zikatiwa katika wizara mpya inayoshughulikia umoja wa taifa. Vijana wa Urugerero huitwa Inkomezabigwi, yaani wenye kuendeleza matendo ya ushujaa. Pamoja na hayo kuna kundi jingine liitwalo Indangamirwa, wanafunzi waliochaguliwa, wakiwamo wanaosoma ng'ambo, ambao hukaa kambini na kupewa mafunzo ya mwanzo ya kijeshi. Nadhani uvumi wa bunduki umetoka kwa hawa. Watu huona picha za Indangamirwa katika magwanda, wakadhani kila aliyemaliza shule atavikwa hivyo.

Je, hao Inkomezabigwi hufanya nini? Nitawaeleza niliyoyaona Masaka. Asubuhi huja na majembe, sepetu na mapanga. Huchimba mifereji ya kuzuia maji ya mvua yasichukue udongo wa kilimani, kwa kuwa nchi yetu ni ya milima, na mvua ya mwezi wa nne haina huruma. Humkandia udongo mjane au mzee asiye na mtu, wakamfyatulia matofali mabichi, wakamjengea nyumba au kumtengenezea choo. Hulima vibustani vya mboga karibu na jiko, ili mtoto wa nyumba ile apate majani ya kula. Huenda nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu kulipia bima ya afya, na kuwatafuta watoto walioacha shule. Mahali pengine vijana hurudi kwao jioni, mahali pengine hukaa kambini pamoja kwa muda. Mshahara hakuna.

Mtu asiyejua nchi yetu ataona hayo ni mageni, lakini kwa mwenyeji si mageni hata kidogo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wenyeji wote wenye miaka 18 hadi 65 hutoka kwa Umuganda, na sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoupanga. Mtoto wa Rwanda amekua akiwaona wazazi wake na majembe siku hiyo. Urugerero ni kama Umuganda uliorefushwa, ukawekwa mabegani mwa vijana.

Sasa natutazame majirani, ili tusidhani jambo hili limeanza kwetu. Tanzania iliunda Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, tarehe 10 Julai, 1963. Mwanzoni lilikuwa la hiari. Mwaka 1966 ikatungwa sheria kwamba waliohitimu vyuo na shule za juu lazima watumikie miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu walikasirika. Tarehe 22 Oktoba, 1966, waliandamana Dar es Salaam wakiwa katika majoho yao hadi Ikulu. Rais Nyerere aliwasikiliza, naye akakasirika kuliko wao. Aliwaona ni watu waliosomeshwa kwa jasho la wakulima, kisha wanataka kulipwa kwa kuwatumikia wakulima wale wale. Zaidi ya wanafunzi 300 walifukuzwa. Lakini siku ile ile Rais alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akapunguza wake kwa asilimia 20. Katika habari hiyo mimi naona pande zote mbili zilikuwa na neno. Wanafunzi waliuliza, "Kwa nini sisi peke yetu?" Naye Rais, kwa kujikata mshahara, alionyesha kwamba amelisikia swali. Lazima ya JKT ilisimamishwa mwaka 1994, ikarudishwa mwaka 2013 kwa waliomaliza kidato cha sita.

Kenya nayo iliunda utumishi wake wa vijana mwaka 1964, na kuanzia mwaka 1984 wote waliochaguliwa kwenda chuo kikuu walipitishwa kambini kwanza, mpango ulioachwa baada ya miaka michache.

Tukienda kaskazini twakuta mfano wa kutisha. Eritrea ilipata uhuru wake mwaka 1993 baada ya vita vya miaka 30. Sheria yao ya mwaka 1995 ilisema kila kijana atatumikia miezi 18: miezi 6 ya mafunzo na miezi 12 ya kazi. Ni muda wa haki, waweza kusema. Lakini vikaja vita na Ethiopia, 1998 hadi 2000, na vita vilipokwisha watu hawakuachiliwa. Miezi 18 ikawa miaka, na kwa wengine ikawa miaka kumi na zaidi, bila kujua siku ya kutoka. Tangu mwaka 2003 hata mwaka wa mwisho wa sekondari wanafunzi huumalizia katika kambi ya kijeshi ya Sawa. Vijana kwa maelfu wameikimbia nchi yao wenyewe, wakapita jangwani na baharini. Hilo ni funzo kwa kila mtunga sheria: lazima isiyo na mwisho haileti uzalendo, huleta ukimbizi.

Na Ulaya je? Wale wale waliotutawala nao walikuwa na lazima. Uingereza iliacha kuwaita vijana mwaka 1960. Ubelgiji ilisimamisha lazima yake katika miaka ya 1990, na Ufaransa ilipitisha sheria ya kusimamisha yake mwaka 1997. Hawakuacha kwa sababu walichoka kuzipenda nchi zao. Waliona ya kuwa silaha za siku hizi zataka askari wachache waliofundishwa muda mrefu, kuliko wengi waliofundishwa kidogo.

Dunia pia imeweka mipaka, nanyi wanafunzi yafaa muijue, kwa maana inawahusu. Mkataba wa mwaka 1930 wa Shirika la Kazi Duniani hupinga kazi ya kulazimishwa. Umetoa ruhusa kwa jeshi la lazima, lakini kwa kazi ambazo ni za kijeshi tu. Umeruhusu pia wajibu wa kawaida wa raia, na kazi ndogo ndogo za kijiji kwa faida ya kijiji chenyewe. Mkataba wa pili, wa mwaka 1957, ukaongeza kwamba watu wasikusanywe kwa lazima ili wawe nguvu kazi ya kukuza uchumi. Mwaka 2000 ukatokea mkataba mwingine, kwamba asiyetimiza miaka 18 asitiwe jeshini kwa lazima. Basi mwaona jambo la ajabu kidogo: wengi wetu twaogopa bunduki na kulisifu jembe, lakini kwa mikataba hiyo ni lazima ya jembe ndiyo inayotaka kuangaliwa zaidi. Kuchimba mfereji wa kijiji chako kwa siku chache ni wajibu wa raia. Kuchimba mfereji wa tajiri kwa mwaka mzima bila malipo ni utumwa, hata wakiimba nyimbo za taifa.

Nisije nikaonekana nimeweka mizani upande mmoja, nitaeleza gharama niliyoiona kwa macho. Jirani yangu ni mama mjane mwenye watoto watatu, naye kijana wake wa kwanza alimaliza kidato cha sita. Wakati wa kungoja matokeo, kijana yule alikuwa akibeba mchanga na matofali kwa mafundi, na jioni humletea mama pesa ya unga. Alipoitwa kwenye Urugerero aliitika. Mama akanijia akasema, "Mwalimu, mwanangu anamjengea mzee wa watu nyumba, nami nafurahi. Lakini jioni hii sufuria yangu ina maji matupu." Nikamwambia, "Mama, maneno yako ni ya haki, twende tukayaseme." Tukaenda kwa kiongozi wa kitongoji, tukamweleza, naye kwa kukubaliana na vijana wenyewe akapanga kijana yule afanye kazi zamu za asubuhi, mchana aende kwa mafundi. Halikuwa jambo gumu. Lakini kama mama asingesema, nani angejua? Mwana wa mwenye duka akikosa siku nyingi za kazi hakosi chakula. Mwana wa mjane hukosa. Lazima iliyo sawa kwa wote katika karatasi yaweza isiwe sawa katika sufuria.

Hata hivyo kijana yule, nilipomwuliza baadaye, hakulalamika. Alisema kwamba katika miaka sita ya sekondari alijua majina ya mito ya Ulaya, asijue jina la bibi anayekaa nyumba ya nne kutoka kwao. Sasa analijua, na bibi humwita "mwanangu". Alisema pia kwamba alifanya kazi bega kwa bega na mtoto wa tajiri, ambaye siku ya kwanza hakujua kushika sepetu, na siku ya kumi akawa na malengelenge kama wote. Katika nchi iliyogawanyika kama yetu ilivyogawanyika, mambo hayo si madogo.

Kwa hiyo nawapa maswali manne, mpate kuipima lazima yo yote mtakayoletewa, hapa au ugenini. La kwanza: ina mwisho unaojulikana? Mkumbuke Eritrea. La pili: kazi ni kwa faida ya nani, ya wote au ya mkubwa mmoja? La tatu: mzigo umegawanywa kwa haki kati ya mwenye nacho na asiye nacho, na wakubwa nao wanabeba sehemu yao? Mkumbuke asilimia 20 ya Nyerere. La nne, nalo ni kubwa kuliko yote: je, kijana anaruhusiwa kuuliza, na kukataa neno ovu? Mkumbuke mwaka 1994. Lazima inayojibu vema maswali yote manne ni shule. Inayoshindwa moja inahitaji kutengenezwa, na inayoshindwa la nne ni hatari hata ikijenga nyumba elfu.

Kwa ninyi mtakaoitwa mwaka huu nina maneno machache ya kazi. Nendeni mkajiandikishe mapema tarafani kwenu, msingoje kusukumwa. Chukueni nguo za kazi, viatu vya kufunga na kofia. Mwenye ugonjwa na aseme siku ya kwanza, wala asione haya. Mwenye mzigo wa nyumbani aseme naye, kama alivyosema mama yule. Na ninyi wanafunzi wa zamani mnaokaa karibu, msisimame kando ya barabara mkiwatazama vijana kana kwamba ni mchezo wa mpira. Mwenye mabati yaliyobaki na ayatoe, fundi na aende akawafundishe kusimamisha ukuta usiopinda, kwa maana nyumba iliyojengwa kwa moyo mwema bila ufundi huanguka mvua ya kwanza, na bibi wa watu hurudi pale pale alipokuwa.